Kulala Si Kufa: Somo la Wanyama wa Baridi kwa Vikundi Vyetu
(Maneno yaliyotolewa mbele ya viongozi wa familia zilizohamishwa na vita, Kivu ya Kaskazini)

 Nawashukuru kwa kuacha kazi za asubuhi. Najua kwamba mama aliyekaa hapa saa mbili ni mama ambaye hajauza makala saa mbili.

Nataka kuanza na neno la mzee mmoja. Mnakumbuka kwamba mwezi wa kwanza 2025 vita vilifika ndani ya mji wa Goma, na mwezi wa pili kambi kubwa zilizouzunguka mji, zilizokuwa na mamia ya maelfu ya watu, zikabaki wazi kwa siku chache. Wengine walirudi upande wa Masisi, wengine Rutshuru, wengine Minova, wengine wakaingia katika familia za kuwapokea. Mimi nilikuwa na daftari. Ndani yake mlikuwa na kamati zote tulizofanya nazo kazi: rais, makamu, mwandishi, mweka hazina, washauri. Baada ya wiki mbili daftari lile halikuwa na maana tena. Nilipokutana na mzee huyo, aliyekuwa mshauri katika kamati mojawapo, nikamwuliza habari za wenzake. Akanijibu: «Kamati ilikufa. Usiitafute.»

Neno lile lilinikaa moyoni. Leo nataka kulijibu, na nitalijibu kwa njia ya kuzunguka kidogo. Nitapita kwa wanyama wanaolala miezi mingi, kisha kwa wafanyakazi wa kiwanda, ndipo nirudi kwetu.

1. Wanyama wanaolala

Sisi theluji tunaiona juu ya Ruwenzori tu. Lakini ziko nchi ambako kila mwaka baridi inafunika kila kitu, majani yanakwisha, wadudu wanakwisha, na mnyama anayebaki macho anakufa njaa. Basi wako wanyama ambao hawahami wala hawafi. Wanaingia chini ya ardhi au ndani ya pango na kulala.

Kule Alaska kuna kindi anayeishi ardhini. Analala miezi saba mpaka minane. Mwaka 1989 mtaalamu Brian Barnes alionyesha kwamba joto la mwili wa kindi huyu linaweza kushuka mpaka digrii 2.9 chini ya sifuri, yaani chini ya kiwango ambacho maji yanaganda, na damu yake haigandi. Moyo wake unapiga mara chache tu kwa dakika. Ukimshika mkononi utasema ni maiti. Lakini ndani yake kuna moto mdogo unaoendelea kuwaka.

Moto huo unatoka wapi? Wanyama hawa wana mafuta ya aina mbili. Kuna mafuta meupe, ambayo ni akiba ya chakula. Na kuna mafuta ya rangi ya kahawia, ambayo kazi yake ni kutoa joto bila mwili kutetemeka. Mama zetu, jambo hili si geni kwenu: mtoto mchanga naye anazaliwa na mafuta hayo ya kahawia, katikati ya mabega na shingoni, kwa sababu bado hajui kutetemeka vizuri.

Dubu analala kwa namna nyingine. Mwili wake haupoi sana. Mwaka 2011 wataalamu walichapisha vipimo vya dubu weusi wa Alaska: joto lilibaki kati ya digrii 30 na 36, lakini kazi ya mwili ilishuka mpaka robo ya kawaida, na moyo ukashuka kutoka mapigo 55 kwa dakika mpaka karibu 14. Kwa miezi mitano mpaka saba dubu hali, hanywi, hakojoi. Uchafu ambao ungetoka katika mkojo, mwili unaugeuza na kutengeneza tena protini za misuli. Na dubu jike anazaa na kunyonyesha humo humo pangoni.

Wala si mambo ya nchi za baridi peke yake. Madagaska kuna mnyama mdogo wa jamii ya lemuri, anayeweka mafuta katika mkia wake. Wakati wa ukame analala ndani ya tundu la mti mpaka miezi saba. Wataalamu walichapisha habari hiyo mwaka 2004. Kwa hiyo hata katika nchi ya joto kuna wakati ambapo mwenye akili anapunguza moto ili usizimike.

2. Kila shirika lina miili miwili

Sasa tuingie kiwandani. Karibu na Chicago, Marekani, kulikuwa na kiwanda kikubwa cha kampuni ya Western Electric kilichoitwa Hawthorne, kilichotengeneza vyombo vya simu. Kati ya mwezi wa kumi na moja 1931 na mwezi wa tano 1932, watafiti waliwaweka wanaume 14 katika chumba kimoja, wakawatazama wakifanya kazi ya kuunganisha nyaya. Kwenye karatasi, tisa walikuwa wafunga nyaya, watatu wa kuchomelea, wawili wakaguzi. Kampuni ilikuwa na kanuni zake na malipo yake.

Lakini watafiti waliona kitu ambacho hakikuandikwa popote. Watu wale walikuwa wamejigawa katika vikundi viwili. Walisaidiana kazi hata pale ambapo kanuni ilikataza. Walikuwa na kipimo chao cha kazi ya siku, na aliyezidisha alipigwa ngumi ya bega kama onyo. Mkaguzi mmoja, ambaye alikuwa na cheo, hakukubaliwa na kikundi chochote. Kitabu kilichoeleza mambo hayo kilitoka mwaka 1939, na tangu hapo wanaosomea uongozi wanajua kwamba shirika lina miili miwili. Mwili wa kwanza ni ule wa karatasi: rais, makamu, mwandishi. Mwili wa pili ni wa nani anamwamini nani, nani anamwuliza nani shauri, nani anamkopesha nani chumvi. Huu wa pili tunauita mtandao usio rasmi.

Ndugu zangu, vita vinavunja mwili wa kwanza kwa siku moja. Muhuri unapotea, jetoni zinapotea, sanduku linaibiwa, rais anaenda upande wake. Mwili wa pili ndio ule moto mdogo. Unashuka, unanyamaza, unakuwa baridi mpaka mtu anasema umekufa.

3. Kosa letu na sanduku la funguo tatu

Nawaambia sasa habari ambayo sina raha kuieleza, kwa sababu na mimi nilikuwamo.

Katika kambi moja kulikuwa na likelemba ya mama kumi na mmoja. Kila wiki kila mmoja alitoa pesa kidogo, na mmoja akapokea zote. Wengine waliuza sambaza, wengine makala. Walikuwa wa lugha tofauti na wa vijiji tofauti, hata vijiji ambavyo vilikuwa na chuki kati yao. Aliyeishika likelemba ile alikuwa mama mmoja asiyejua kusoma. Hakuwa na cheo. Alikuwa na kichwa cha kukumbuka na miguu ya kutembea: jioni alipita kila hema akiuliza, mtoto amelalaje?

Shirika ambalo nililifanyia kazi wakati huo liliona jambo lile ni zuri. Tukataka kuliimarisha. Tukaleta fomu. Tukaleta sanduku la chuma lenye kufuli tatu na funguo tatu. Tukasema lazima uchaguzi ufanyike, na mwenyekiti awe anayejua kuandika. Tukaita mikutano, wiki hii ya kuhesabu wanachama, wiki ijayo ya mafunzo, wiki nyingine ya wageni waliotaka kupiga picha. Baada ya miezi minne kulikuwa na ugomvi juu ya nani ashike ufunguo. Yule mama hakuchaguliwa. Wengine wakaacha kuja. Sisi tukaandika katika ripoti kwamba kikundi hakikuwa na nguvu za kutosha.

Sasa sikilizeni habari ya popo. Kule Amerika ya Kaskazini popo wengi wanalala mapangoni wakati wa baridi. Mwanzoni mwa mwaka 2006, katika pango moja la jimbo la New York, ilionekana kuvu nyeupe juu ya pua za popo. Tangu hapo ugonjwa huo umeua popo kwa mamilioni. Unawauaje? Kuvu inamea juu ya ngozi yao na kuwaamsha mara kwa mara. Wanyama wengi wanaolala baridi wanaamka mara chache kwa desturi. Yule kindi wa Alaska anaamka kila baada ya wiki mbili au tatu, kwa muda usiofika siku nzima. Lakini kuamka ni gharama kubwa. Kupasha mwili moto tena kunachoma sehemu kubwa ya akiba yote ya msimu. Popo anayeamshwa kupita kiasi anamaliza mafuta yake kabla wadudu hawajarudi.

Nilipojifunza jambo hili nilikumbuka sanduku letu. Hatukuwaibia wale mama hata franka moja. Tuliwaamsha kupita kiasi. Kila fomu ilikuwa saa moja ya soko. Kila mkutano ulikuwa sehemu ya akiba yao, na akiba yenyewe ilikuwa ndogo, kwani hakuna mtu aliyetoka kijijini usiku akiwa amejiandaa kama dubu anayekula miezi mitatu kabla ya kulala.

4. Swali la mama

Baada ya kambi kuvunjwa tulihitaji kuzipata familia kumi ambazo watoto wao walikuwa wanafuatiliwa kwa matibabu. Daftari halikutusaidia. Simu nyingi zilikuwa zimezimwa. Siku moja sokoni nikakutana na yule mama wa likelemba. Nikamweleza shida yangu. Hakuuliza maswali mengi. Alimwambia kijana mmoja wa chukudu anayebeba mizigo, kijana akamwambia shangazi yake upande wa Sake, na mama mwingine akapeleka habari kwa muuza sambaza aliyekuwa Minova. Kwa siku tisa familia nane kati ya kumi zilikuwa zimejulikana ziliko.

Nikamwambia: «Mama, na sisi tulisema likelemba yenu ilikufa.» Akacheka. Akasema: «Ninyi mliandika. Sisi tulilala. Na kitabu chenu mlikiweka wapi?»

Kisha nikatoa kalamu ili niandike majina ya watu wote waliosaidia. Akanishika mkono. «Usiandike. Anayepeleka habari ya mtoto leo, kesho ataulizwa alipeleka habari gani nyingine.»

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo vitabu vya uongozi havikuniambia. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa makampuni wanafundisha kuchora ramani ya mitandao isiyo rasmi: unamwuliza kila mfanyakazi, ukiwa na shida unamwendea nani? Katika ofisi yenye amani ramani hiyo inasaidia. Kwetu ramani hiyo hiyo inaweza kumpeleka mtu pabaya. Kwa hiyo nawaomba ninyi viongozi, na ninawaomba wenzangu wa mashirika: mtandao uheshimiwe bila kuandikwa. Mkijua kwamba mama fulani anaweza kuwapata watu, inatosha mjue. Haihitaji kuwa kwenye orodha.

5. Anayewapasha wengine moto

Katika milima ya Alpi, Ulaya, kuna mnyama anayeitwa mamoti. Yeye halali peke yake. Familia nzima inaingia shimo moja, baba, mama, wakubwa na wadogo, wakati mwingine mpaka ishirini, na wanalala wamekumbatiana. Mtaalamu Walter Arnold aliwafuatilia miaka mingi tangu miaka ya 1980. Aliona kwamba wanaamka kwa pamoja, na wakubwa wanajipasha moto kabla ya wadogo, ili watoto wapate joto bila kuchoma mafuta yao machache. Watoto wanaolala pamoja na kaka zao wakubwa wanaokoka kwa wingi zaidi. Lakini wakubwa wanaofanya hivyo wanatoka shimoni wamekonda zaidi.

Ndugu viongozi, katika kila kundi la watu waliokimbia kuna mtu wa namna hiyo. Ndiye anayejua nani amefiwa, nani ana homa, binti gani anaogopa kwenda kuni. Tunampenda na tunamtumia. Mara ngapi tumetazama kama amekonda? Mwili wa pili hauna mshahara, na gharama yake inalipwa na watu wachache, mara nyingi wanawake. Kama mna gunia moja la kugawa kwa busara, mkumbukeni huyo. Kama hamna gunia, mpumzisheni: mwingine apite hema kwa hema wiki hii.

6. Mtandao nao unaweza kuugua

Nisiwadanganye kwamba kila kisicho rasmi ni kizuri. Wale wa kiwandani walimpiga mwenzao ngumi na kumtenga mkaguzi. Kwetu, njia ile ile inayopeleka habari ya mtoto mgonjwa inapeleka pia uvumi: «watu wa kabila lile wanakuja usiku». Mmeona wenyewe uvumi unavyotangulia risasi. Na mtandao wa watu wa kijiji kimoja peke yao unaweza kumfungia mlango mjane asiye na ndugu.

Dawa moja ya jambo hilo ni urafiki wa mbali. Mwaka 1973 mtaalamu Mark Granovetter wa Marekani aliandika juu ya watu waliopata kazi kupitia mtu waliyemjua. Chini ya mmoja kati ya watano alikuwa anaonana na mtu huyo mara nyingi. Wengine wote walisaidiwa na mtu wa kuonana naye mara moja moja, au nadra sana. Sababu yake ni rahisi: ndugu yako wa karibu anajua yale unayojua wewe. Mtu wa mbali anajua mengine.

Kwa upande wa amani hii ina maana kubwa. Muuza sambaza wa lugha nyingine ambaye mnasalimiana tu, huyo ndiye anaweza kukuambia kama uvumi ni wa kweli. Likelemba ya wale mama kumi na mmoja ilikuwa na nyuzi nyembamba zilizovuka vijiji vyenye chuki. Kama ingekuwa ya kijiji kimoja, ingepata familia tatu au nne, si nane.

7. Kuamka ni pole pole

Jambo la mwisho. Wale dubu wa Alaska, walipotoka pangoni, joto la miili yao lilikuwa limekwisha kurudi. Walitembea, walionekana wazima. Lakini vipimo vilionyesha kwamba kazi ya mwili ilikuwa bado karibu nusu ya kawaida, na ilichukua wiki mbili mpaka tatu kurudi kamili.

Wengi wenu mmerudi karibu na mashamba yenu, na watu wanawaambia: umefika nyumbani, kwa nini hulimi, kwa nini huji kwenye salongo, kwa nini kamati haikutani? Mtu aliyerudi si lazima awe na nguvu siku ile ile. Na kikundi ni vivyo hivyo. Msianze na uchaguzi wa rais. Anzeni na kusalimiana, kisha likelemba ndogo ya watu watano, ndipo daftari. Karatasi ifuate imani ambayo imekwisha kuwapo.

Wala mtu asichukue maneno yangu kusema kwamba mwenye njaa alale tu na kusubiri. Hata kindi wa Alaska ana mwisho wa akiba. Wenye wajibu wa kuleta chakula, dawa na usalama wana wajibu huo bado. Ninachosema ni kwamba wakati msaada unachelewa, kuna kitu ambacho tayari mnacho, na kinaweza kuzimwa na sisi tunaotaka kusaidia.

Basi yule mzee aliyesema kamati ilikufa, naona yuko hapa leo, amekaa nyuma. Baba, naomba unisamehe kama nimekupinga mbele ya watu. Wewe ulisema kweli juu ya karatasi. Lakini nimesikia kwamba mwezi uliopita ni wewe uliyempeleka mtoto wa jirani kwenye kituo cha afya, na kwamba aliyekuazima pikipiki alikuwa mweka hazina wa zamani. Wewe unaliitaje jambo hilo?

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi:

Kabla ya kuhama, mlikuwa na kikundi gani kisicho na muhuri? Leo mnajua wangapi wako wapi? Jibuni bila kutaja majina.

Ni mikutano gani ya mashirika inayokula wakati wenu bila faida? Mtawaambia nini waandalizi wake?

Nani kati yenu anawapasha wengine moto, na ni nani atampumzisha?

Je, kila mmoja wenu ana mtu mmoja wa lugha nyingine ambaye anaweza kumwuliza kama uvumi ni wa kweli?